Kishimo cha Kumi na Mbili

Shule ilipofunga saa saba, wenzake walishika njia za makwao, lakini Chiriku alishika njia ya hospitali kuu. Hakuwa mgonjwa. Kwao kulikuwa na kufuli mlangoni mpaka jioni, maana baba yake aliendesha lori la mizigo na mama yake alishona kiwandani. Kwa hiyo kila siku mtoto huyu wa miaka kumi na miwili alipita geti la hospitali, akakata kushoto kwenye dobi, akafuata ukumbi mrefu wenye harufu ya sabuni, mpaka kwenye mlango wa bluu. Huko alikuwako shangazi yake, dada wa baba.

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine. Chiriku aliitwa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Akiingia alikuwa ameshaanza kusema, na akitoka alikuwa hajamaliza.

"Shikamoo Shangazi, shikamoo Babu Kibano, leo mwalimu wa hesabu kakaa kwenye chaki, suruali yote nyeupe, na hakuna aliyemwambia!"

"Marahaba," Shangazi alijibu bila kuinua macho. "Na wewe ulimwambia?"

"Mimi? Shangazi, ningecheka nikazimia!"

"Basi kazunguka hivyo shule nzima, na nyinyi mnajua," alisema Babu Kibano. Huyo alikuwa fundi wa maabara, mzee mwembamba aliyeitwa hivyo kwa sababu kibano cha chuma hakikutoka mfukoni mwake. Watu walisema hata sukari ya chai aliichota kwa kibano, punje kwa punje.

Maabara ile zamani ilikuwa stoo ya mafagio. Shangazi alikuwa mwanabiokemia, yaani msomi wa kemia ya vitu vyenye uhai, na alikuwa wa kwanza wa kazi hiyo katika hospitali nzima. Siku alipokuja kuanza kazi, mlinzi wa geti alimwonyesha njia ya jikoni. Wakubwa nao walimwuliza anamsaidia bwana gani. Miaka miwili aliosha chupa za wengine huku shahada yake imekunjwa mkobani. Alipoomba chumba, akapewa mafagio. Aliyatoa mwenyewe, akapaka chokaa, akaomba taa moja ya zambarau iliyotupwa na kitengo kingine, akaitengeneza na Babu Kibano kwa waya na subira. Sasa bahasha zilimfikia kutoka zahanati za mbali, na kila bahasha ilibeba matone ya damu ya mtoto mchanga yaliyokaushiwa kwenye kadi.

"Kitendawili!" Shangazi alisema siku hiyo, akivaa glavu.

"Tega!" alijibu Chiriku, akiutupa mkoba wake kwenye kimeza cha pembeni, karibu na dirisha.

"Nina fundi hali wala halali. Akigoma siku moja, nyumba nzima yaugua."

"Moyo!"

"Moyo unakula sana, tena kwa pupa."

"Saa ya ukutani?"

"Saa ikigoma sisi tunachelewa tu, hatuugui. Nipe mji."

"Haya, nimekupa mji, nenda ukatawale."

"Nilikwenda mji huo, nikakuta raia wote ni wapole ila wewe," alisema Shangazi, na Babu Kibano akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Fundi huyo ni kimeng'enya. Mwilini mwako wamo maelfu kwa maelfu. Kila kimoja kina kazi yake moja. Yupo wa kuvunja wanga, yupo wa kuvunja mafuta, na yupo mmoja ambaye kazi yake ni sukari ya maziwa. Mtoto akizaliwa bila huyo mmoja, maziwa ya mama yake, yale yale ya kumkuza, yanageuka sumu. Anatapika, macho yanakuwa ya manjano, analegea. Asipojulikana mapema, anakufa, na watu wanabaki kuulizana amekula nini."

Hapo sauti yake ilishuka. Chiriku alijua sababu. Baba yake alikuwa na mdogo wa mwisho ambaye Chiriku hakumjua. Aliishi siku kumi na tisa. Shangazi, wakati huo msichana wa umri kama wa Chiriku, ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni alipokuwa analegea. Hakuna aliyejua kwa nini. Kutojua huko ndiko kulikompeleka shule, kukamrudisha tena shule, mpaka kukamfikisha kwenye stoo ya mafagio.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shangazi alichukua kitobolea karatasi kidogo, akatoboa kadi yenye damu kavu, na kikatoka kichembe cha duara kama mbegu ya pilipili. Kichembe hicho alikitia kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo, mfano wa trei ya mayai ila ndogo ya kutosha kiganjani. Kadi ilikuwa na namba, lakini kichembe hakikuwa na namba. Kikishatoka kwenye kadi, utambulisho wake ulikuwa mahali kilipo tu. Kilicho kwenye kishimo cha tatu ni cha mtoto wa tatu, basi. Baadaye alikidondoshea dawa ya kupimia, akakiweka kwenye kabati la joto saa moja na nusu, kisha akazima taa za chumba na kuwasha ile ya zambarau. Damu yenye yule fundi wa maziwa iling'aa. Damu isiyo naye ilibaki nyeusi tii.

Kwa sababu hiyo maabara ile ilikuwa na desturi ambazo mgeni angezicheka. Mlango ulisukumwa kwa kiwiko polepole. Mwenye chafya alitoka nje. Na feni ya darini haikuwashwa hata jua liwe la kupasua mawe, mpaka sahani zifunikwe.

"Ikiwashwa feni humu," Babu Kibano alipenda kusema, "mimi naomba likizo siku hiyo hiyo, tena ya malipo."

Siku hiyo joto lilikuwa si la kusimulia. Jasho lilimdondoka Chiriku kwenye daftari, likafuta jibu la hesabu ambalo hata hivyo lilikuwa baya. Babu Kibano alikwenda kuchukua maji yaliyochujwa. Shangazi alikuwa ametoboa kadi kumi na mbili. Vichembe kumi vya kwanza alishavidondoshea tone la maji, navyo vilinata ndani ya vishimo. Viwili vya mwisho vilikuwa vikavu. Hapo simu ya ukumbini ikalia, na muuguzi akaita: "Mama maabara! Daktari wa watoto anakutaka, haraka!"

Shangazi aliweka chini chupa ya maji. "Chiriku, usiguse kitu," alisema, akatoka.

Chiriku hakugusa kitu. Alikaa. Akajipepea kwa daftari. Akatazama swichi ya feni, nayo kama ikamtazama. Dakika moja tu, aliwaza. Nusu dakika. Feni iko juu kabisa, sahani iko chini, wapi na wapi?

Akabonyeza.

Upepo ulishuka mzuri kama maji ya mtungi. Akafumba macho, akainua shingo ili jasho likauke. Alipoyafumbua, aliona juu ya meza nyeupe vitu viwili vyekundu-kahawia vikijiviringisha kama wadudu waliokurupushwa. Alizima feni kwa pigo moja la kiganja. Vichembe vikatulia karibu na ukingo, kimoja huku, kimoja kule. Akainama juu ya sahani. Kishimo cha kumi na moja kilikuwa kitupu. Kishimo cha kumi na mbili kilikuwa kitupu.

Vilifanana kama macho mawili ya kuku mmoja. Kipi kilikuwa wapi? Ukumbini alisikia viatu vya Shangazi, ko, ko, ko, vikirudi. Akanyakua kibano cha mezani. Akaokota cha kulia, akakitia kumi na moja. Akaokota cha kushoto, akakitia kumi na mbili. Aliporuka kurudi kwenye kimeza chake, kitasa kilikuwa kinazunguka.

"Umemaliza hesabu?" Shangazi aliuliza.

"Bado," alisema Chiriku. Neno moja tu.

Shangazi alidondosha maji kwenye vishimo viwili vya mwisho, kisha dawa, vyote kumi na viwili, kwa utaratibu wa mtu anayeshona shanga. Akafunika sahani. Akaitia kwenye kabati la joto na kutega saa ya kengele. Sema sasa, roho ilimwambia Chiriku. Mdomo uliojua kusema kuanzia asubuhi mpaka jioni ukagoma. Akiisema, Shangazi atamfukuza. Akimfukuza, atakaa wapi mpaka jioni? Na Babu Kibano atamtazamaje? Labda nimeotea sawa, alijifariji. Ni viwili tu. Huenda kila kimoja kimerudi kwake.

"Mbona kimya?" Babu Kibano aliuliza, aliporudi na mtungi wa maji. "Au leo mdomo umewekewa kodi?"

Chiriku alitabasamu kwa taabu, akasema anakwenda kunywa maji.

Nje ya mlango wa bluu kulikuwa na benchi refu, na juu yake wamekaa akina mama wawili. Wa kwanza alikuwa mtu mzima mwenye kilemba cha kijani. Mtoto wake alipiga mateke na kupiga kelele kama mwenye nyumba aliyekuta wezi. Lakini mama huyo alikuwa analia kimya kimya. Kikaratasi mkononi mwake kilikuwa na namba kumi na moja, ile ile ya kadi ya damu.

Wa pili alikuwa kijana, pengine hajafika miaka ishirini. Mtoto wake hakulia kabisa. Alilala mikononi kama nguo iliyolowa, na weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano ya ndizi. Mkononi alifungwa kipira cha dripu. Kikaratasi cha mama kilikuwa na namba kumi na mbili.

Mpaka hapo, kwa Chiriku, namba zilikuwa namba. Sasa zilikuwa na mama zao.

Kwenye bomba la maji, upande wa dobi, alimkuta Twiga, rafiki yake wa darasani, ambaye mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Twiga alikuwa na miguu mirefu na hekima fupi.

"Umeona jini?" Twiga aliuliza. "Midomo imekuwa myeupe."

Chiriku akamweleza, akitazama nyuma kila mara. Twiga alisikiliza huku akikamua shuka.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi kuna nini? Funika kombe mwanaharamu apite. Vichembe viwili, umerudisha viwili. Ungepoteza kimoja, hapo sawa, ungelia."

"Na kama nimevibadilisha?"

"Kama, kama! Shangazi yako msomi, atajua mwenyewe. Ukijipeleka, utapigwa marufuku maabara, halafu utakuja kukamua mashuka na mimi. Unataka? Haya, shika upande huo."

Chiriku alishika upande wa shuka, lakini alilikamua kama anajikamua mwenyewe. Maneno ya Twiga yalikuwa matamu kwa sekunde tano hivi. Kisha akamkumbuka mtoto aliyelala kama nguo iliyolowa, na utamu wote ukageuka shubiri. Kila kengele ya baiskeli iliyolia barabarani aliidhani ni ile ya kabati la joto.

Ilipolia kweli, saa tisa na nusu na dakika chache, alikuwa amesharudi kwenye kimeza chake. Hakujua nani alimrudisha, ni miguu tu. Shangazi alishusha mapazia. Babu Kibano akazima taa. Giza la mchana lilijaa chumbani, kisha taa ya zambarau ikawaka, na koti la Shangazi likang'aa kama mwezi.

"Moja, inang'aa," Shangazi alisoma. "Mbili, inang'aa. Tatu."

Babu Kibano aliandika. Chiriku alihesabu kwa mapigo ya moyo wake. Nane. Tisa. Kumi inang'aa.

"Kumi na moja." Shangazi aliinama karibu zaidi. "Nyeusi. Tii."

Babu Kibano alishusha kalamu. "Yule wa kilemba?"

"Ndiye. Mtoto wake wa kwanza alifariki kwa ugonjwa huu huu. Ndiyo maana tulimpima huyu hata kabla hajaumwa." Shangazi alivuta pumzi. "Kumi na mbili, inang'aa vizuri sana. Ajabu. Yule mwenye macho ya manjano ndiye niliyemdhania. Lakini taa haina upendeleo. Mwite daktari."

Daktari wa watoto alikuja mbio, shati limemganda mgongoni. Shangazi akampa majibu mlangoni. "Kumi na moja asiguse maziwa tangu dakika hii. Kesho asubuhi nitampima tena, maana cheusi lazima kirudiwe."

"Na kumi na mbili?"

"Kimeng'aa. Kinachong'aa hakirudiwi. Tafuta ugonjwa mwingine."

Kinachong'aa hakirudiwi! Chiriku alisikia neno hilo kama mlango wa chuma unafungwa. Mpaka hapo alikuwa amejiambia moyoni kwamba wakubwa wana njia zao, kwamba kosa likiwapo litaonekana tu. Kumbe la kumi na moja lingeonekana kesho. La kumi na mbili lisingeonekana kamwe.

Akasimama. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona mama wa kilemba akijifunika uso kwa viganja. Alimwona daktari akimgeukia yule mama kijana na kumwambia jambo kwa sauti ya upole.

"Kwa hiyo nimnyonyeshe, daktari?" mama kijana aliuliza, na uso wake wote ukafunguka. "Tangu asubuhi mmenikataza. Ziwa limejaa mpaka linauma."

"Mnyonyeshe tu, mama. Huo si ugonjwa wake."

Mama kijana alifungua kifungo cha kwanza cha blauzi. Akamwinua mtoto, taratibu, kichwa kidogo kikalala kwenye mkono wake. Akafungua kifungo cha pili.

Chiriku alitaka kwenda kwa Shangazi na kumnong'oneza. Hapakuwa na nafasi ya kunong'ona.

"Usimnyonyeshe!" alipiga ukelele. "Mama, usimnyonyeshe! Vimebadilishana! Ni mimi! Niliwasha feni!"

Ukumbi wote ukageuka. Muuguzi aliangusha sinia la vyuma, likalia mpaka mwisho wa jengo. Mtoto wa mama wa kilemba akaongeza kelele. Mama kijana aliganda, mkono kifuani, hajui amtazame nani. Na Chiriku, ambaye alidhani akisema ataanguka afe, alijikuta bado amesimama, machozi na kamasi vikimtiririka, anarudia yale yale: "Niliwasha feni. Vilikuwa viwili. Sikujua kipi ni kipi. Niliotea."

Shangazi alimfikia kwa hatua tatu. Chiriku akafumba macho akingoja kofi. Badala yake mikono miwili ilimshika mabegani, imara, kama anayeshika ngazi ili isiteleze.

"Nitazame. Vipi vilitoka?"

"Kumi na moja na kumi na mbili."

"Hivyo tu? Cha kumi hakikutoka? Cha tisa je?"

"Hivyo viwili tu. Vingine vilikuwa vimelowa."

"Saa ngapi?"

"Ulipoitwa kwenye simu."

Shangazi alimwachia, akamgeukia daktari. Uso wake ulikuwa mgumu, lakini sauti haikutetemeka. "Watoto wote wawili, hakuna maziwa. Dripu ya sukari kwa wote wawili. Nipe saa moja na nusu."

"Majibu umenipa sasa hivi," alisema daktari kwa hasira.

"Na sasa hivi nimeyafuta. Kadi zao ninazo. Kila kadi ina matone manne, nimetumia moja."

Chiriku aliinua kichwa. Matone manne! Tangu saa nane alikuwa amebeba mlima kichwani, na dawa yake ilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka kwenye kimeza chake. Angesema mapema, kichembe kingine kingetobolewa na kazi ingeendelea kama kawaida.

Saa moja na nusu hiyo ilikuwa ndefu kuliko mwaka wa shule. Chiriku aliambiwa akae kwenye benchi, katikati ya mama wa kilemba na mama kijana. Alitamani ardhi ipasuke. Hakuna kati yao aliyemtukana, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Mama wa kilemba akasema bila kumtazama:

"Mwanangu, hivi unajua nilishaanza kumuaga? Hapa nilipokaa, moyoni, nilishamuaga."

"Nisamehe, mama."

"Bado. Ngoja taa iseme kwanza."

Yule mama kijana alimkumbatia mtoto wake na kumpulizia usoni polepole, kana kwamba pumzi yake peke yake ingetosha kumweka duniani.

Saa kumi na moja na robo mapazia yalishushwa tena. Safari hii Shangazi aliacha mlango wazi kidogo na kumwita Chiriku aingie. "Umeanza nalo, utamaliza nalo," alisema. Sahani ilikuwa na vichembe vinne, viwili vya kila mtoto, ili kimoja kimshuhudie mwenzake. Taa ya zambarau ikawaka.

Viwili vya kumi na moja viling'aa kama macho ya paka.

Viwili vya kumi na mbili vilikuwa vyeusi tii.

"Nilivibadilisha," alinong'ona Chiriku. Aliona kifungo cha pili cha blauzi, akaona kile kichwa kidogo, na ikabidi Babu Kibano amvutie kiti.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Mama wa kilemba alipoambiwa, alikaa chini sakafuni na mtoto wake mapajani, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akamnyonyesha hapo hapo. Yule wa macho ya manjano alipelekwa wodini, akaandikiwa maziwa ya soya yasiyo na ile sukari inayomdhuru. Daktari aliwaambia waliokuwapo kwamba mtoto yule alikuwa ameshachoka, na asingehimili kuendelea na maziwa siku nyingi.

Ukumbi ulipotulia, Shangazi alifungua kabati na kutoa daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. Alilifungua mezani, akaandika kwa wino, akamgeuzia Chiriku asome.

*Saa nane kamili. Niliitwa kwenye simu, nikaacha sahani wazi. Kuifunika kulikuwa juu yangu. Kosa langu.* Chini yake kulikuwa na sahihi ya Shangazi.

"Lakini Shangazi, mimi ndiye niliyewasha."

"La kwako utaliandika mwenyewe, nafasi ipo. Hili ni la kwangu. Sahani ingefunikwa, feni yako ingepuliza plastiki." Alifungua kurasa za nyuma. "Soma hapa. Mwaka wangu wa kwanza, nilianika kadi juani zikauke haraka. Joto likaua vimeng'enya vyote, damu yote ikawa nyeusi, nikatangaza watoto arobaini ni wagonjwa. Wakubwa walinicheka mwezi mzima. Nililia, kisha nikaandika. Humu hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja, ili kosa lisomeke chini yake."

"Hata mimi nimo," alisema Babu Kibano kutoka kwenye sinki. "Ukurasa wa thelathini na mbili. Chafya. Usisome kwa sauti."

Chiriku alichukua kalamu. Aliandika yote: feni, vichembe, kuotea, na kukaa kimya saa moja na nusu. Shangazi alisoma mpaka mwisho, akasema:

"Sasa adhabu. Mwezi mzima hutavuka mlango huu. Utafanya hesabu zako benchini. Na kabla ya kwenda nyumbani leo, utakwenda kwa wale mama wawili na kuomba radhi, mmoja mmoja, kwa adabu."

Chiriku alikwenda. Mama wa kilemba alimpa mtoto ambebe kidogo, na hilo lilitosha. Mama kijana alikuwa amelala kwenye kiti, naye Chiriku hakutaka kumwamsha.

Siku ya nane, Chiriku alikuwa benchini anapambana na sehemu za desimali, mama kijana akatokea ukumbini. Kifuani mwake mtoto alikuwa macho, na weupe wa macho hayo ulikuwa umeanza kurudi weupe. Alinyonya chupa yake ya soya kwa bidii, akikunja uso kama mzee anayesoma barua.

"Ni wewe uliyenipigia kelele?" mama aliuliza.

Hofu ilimrudia Chiriku mzima mzima. Akasimama. "Ndiyo, mama. Nisamehe. Ni mimi pia niliyekosea mwanzo."

"Shangazi yako amenieleza yote, la mwanzo na la mwisho." "La mwanzo lilinikasirisha, sikufichi. Nilikaa siku tatu nimekasirika. Kisha nikafikiri, je, na kama ungenyamaza?" Hakumalizia. Alikaa benchini, akamsogezea Chiriku chupa ashike, ili naye apumzishe mkono.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, amevua glavu.

"Siku ile uliogopa sana," alimwambia Chiriku.

"Sana, Shangazi. Tangu nilipoona vishimo vitupu."

"Hofu haikukudanganya, mwanangu. Tangu saa nane ilikuwa inakwambia jambo baya limetokea, nenda kaseme. Wewe ukadhani inakwambia ujifiche. Kukosea ni kwa kila mwenye mikono, na daftari langu ni shahidi. Lakini kosa likisemwa, watu wengi huja kulibeba pamoja nawe, na dawa yake hutafutwa. Likifichwa, hubebwa na asiyejua kitu, kama huyu hapa."

Mtoto alimaliza chupa, akaanza kulia kwa nguvu akitaka nyingine.

"Msikilizeni," alisema Babu Kibano kutoka ndani. "Sauti hiyo ni ya mtu mzima kabisa."

Na mama kijana, ambaye kwa siku nyingi alikuwa akiomba asikie kilio hicho, alimwacha alie kidogo zaidi.